Papa Mwalimu anajibu: Lile jiwe liitwalo Katanga

SWALI: Jambo, Papa Mwalimu. Hapa kwangu, komine ya Kenya, ubishi umefika wiki ya pili. Kijana wangu amesoma kwamba huko angani kuna jiwe linaitwa 1817 Katanga. Shemeji, ambaye anauza malakiti (yale mawe ya kijani yenye shaba), ameng'ang'ania kwamba lilionekana mwaka 1817 na kwamba limejaa shaba, maana bila shaba wangeliitaje Katanga, jina la huku kwetu kwenye shaba? Kijana anakataa yote mawili, tena anasema nikimnunulia darubini ya mikono atanionyesha. Atakayeshindwa analipa vitumbula vya nyumba nzima. Tukate shauri.
Mama yake kijana, Lubumbashi

JIBU: Jambo, Mama. Nimefundisha fizikia miaka mingi na ni mara ya kwanza vitumbula kutegemea jibu langu, kwa hiyo nakwenda taratibu.

1817 si mwaka, ni namba ya zamu. Asteroidi, yaani jiwe kama hili linalozunguka Jua, ikishafuatiliwa mpaka njia yake ikajulikana vizuri, inapewa namba inayofuata. Mwaka 1817 wenyewe, asteroidi zilizojulikana duniani kote zilikuwa nne tu: Ceres, Pallas, Juno na Vesta. Ya tano ilingoja hadi 1845.

Katanga ilipatikana tarehe 20 Juni 1939, siku ambazo mji wetu bado uliitwa Élisabethville. Aliyeipata ni Cyril Jackson, kwenye Union Observatory, kituo cha kutazama nyota cha Johannesburg. Kazi ile ilikuwa ya subira: unapiga picha ya anga, unapiga nyingine baadaye, halafu unalinganisha. Nyota zimetulia mahali pake. Kilichohama ndicho unachokitafuta. Kwanza iliitwa 1939 MB. M ni nusu ya pili ya Juni, na B maana yake ni kitu cha pili kuandikwa katika nusu hiyo.

Jackson alipenda majina ya Afrika. Asteroidi 1278 inaitwa Kenya, ikifuatwa na 1279 Uganda, na iko 1428 Mombasa. Lakini usiwatangazie majirani: hiyo Kenya ni ile nchi, si komine yenu.

Jiwe lenyewe lina upana wa kilomita 16 hivi, yaani ukitoka hapa kwenda Kipushi ungekuwa umepita nusu ya safari. Linazunguka Jua ndani ya ukanda mkuu wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, na mzunguko mmoja unachukua miaka 3 na miezi 8. Njia yake imeinama sana, nyuzi 26 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia, na ndivyo zilivyo nyingi za kundi lake, kundi la Phocaea.

Sasa shaba, ambako najua shemeji ananisubiri. Mimi nimekua nikitazama lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru. Sihitaji kuambiwa utamu wa shaba. Lakini shaba yetu haikujaa hapa kwa bahati. Maji ya chumvi yalipita ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka, yakaiokota kidogo kidogo huku na kule, yakaiweka mahali pamoja. Malakiti anayouza shemeji nayo inahitaji maji na hewa ya ardhini ili izaliwe. Jiwe dogo lisilo na hewa halina mtambo wa namna hiyo. Katanga ya angani ni ya aina ya mawe: madini ya silika yenye chuma na magnesi. Jina ilipewa kwa heshima ya jimbo, hakuna aliyechimba kwanza.

Ila nisimwonee shemeji. Vimondo vya kawaida vinavyofanana na asteroidi za aina hiyo huwa na punje za chuma na nikeli, na ndani ya punje hizo mna kobalti kidogo. Kidogo kweli, hakuna mnunuzi wa Kolwezi, mji wa machimbo ya kobalti, atakayesimamisha gari.

Darubini ya mikono, Mama, usinunue kwa ajili hii. Hata Katanga ikitukaribia, mwanga wake ni hafifu mno. Itatakiwa darubini kubwa ya kusimamishwa. Kama kijana anataka asteroidi ya kuanzia, atafute Vesta, ambayo darubini ya mikono inaiona katika miezi yake mizuri.

Basi shemeji alipe vitumbula. Kijana amrudishie viwili: kimoja cha kobalti, kimoja cha darubini.