Alisaini mwenyewe, lakini kesi ipo

Mleta uzi, pole sana kwa yaliyomkuta mdogo wako huko nje alikopelekwa na wakala wa kazi. Umeuliza kama ana kesi wakati mkataba alisaini mwenyewe na ndege akapanda mwenyewe, na wengi hapo juu wamekujibu hana, alikubali. Hapana aisee. Nimesindikiza waathirika polisi na mahakamani miaka kadhaa kama msaidizi wa kisheria na hilo jibu ndo linalowakatisha watu tamaa kabla hata hawajaanza.

Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ile ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, kifungu cha 3 kiko wazi: kama alirubuniwa, alitishwa au walitumia shida zake ili wamnyonye, ridhaa yake haihesabiki. Akiwa chini ya miaka 18 hata huo udanganyifu hauhitaji kuthibitishwa. Sasa yeye aliahidiwa kazi ya hotelini, kufika akanyang'anywa paspoti akaambiwa anadaiwa nauli na hatoki ndani mpaka deni liishe, hapo alikubali nini?

Kesi hizi nyingi nilizoziona zinafia kwenye maelezo ya polisi. Kuna binti nilimsindikiza, askari akamuuliza "ulilazimishwa kwenda?" akajibu hapana, na ni kweli, kwenda hakulazimishwa, alilazimishwa kubaki, ila hilo la pili hakuna aliyemuuliza. Ikaandikwa hivyo hivyo akasaini bila kusomewa, alikuwa hajalala vizuri siku kadhaa na tarehe zinamchanganya, halafu kule mahakamani wakili wa utetezi akaing'ang'ania sentensi hiyo moja mpaka binti akaanza kulia. Kwa hiyo msimkimbize kesho asubuhi kituoni akaeleze kila kitu. Kwa daktari ndo asichelewe kwenda, kama ana majeraha yaandikwe sasa hivi, ila maelezo marefu atoe akishapumzika, yuko sehemu wakala haijui, na ana mtu wa sheria pembeni. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 2005 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu unataka mtu wa namna hii apewe angalau siku 30 za kutulia kabla ya kuamua kama atashirikiana na polisi. Sehemu ambazo sheria haitoi huo muda inabidi familia ndo impe. Na asisaini kitu hajasomewa kwa lugha anayoielewa vizuri.

Kuhusu woga wake kwamba atashtakiwa kwa viza iliyoisha, Itifaki ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya 2014 kuhusu kazi za kulazimishwa inazitaka nchi zilizoiridhia ziweke utaratibu wa mamlaka kuweza kuacha kumshtaki mwathirika kwa makosa aliyolazimishwa kuyafanya. Wakili alitaje hilo mapema, kabla maswali ya viza hayajaanza, maana mtu akishaandikwa mhamiaji haramu kumgeuza awe mwathirika ni kazi kweli kweli.

Ulinzi sasa, hapa naomba msichukulie poa. Kwenye kesi moja ndugu wa mshtakiwa alikuja akakaa benchi moja na shahidi wetu nje ya chumba cha mahakama, akamsalimia kwa heshima kabisa, akamuuliza mama anaendeleaje na mtaa anaokaa mama akautaja. Hakuna tusi wala tishio unaloweza kulipeleka popote. Tarehe iliyofuata shahidi hakuja, wala simu hakupokea, na mimi sikumlaumu hata kidogo. Mwombeni mwendesha mashtaka mapema, tena kwa maandishi, mdogo wako aingie mlango mwingine, asubiri chumba tofauti, jina lisitajwe hadharani, ikiwezekana atoe ushahidi kwa video. Wengi hawapewi kwa sababu tu hakuna aliyeomba.

Fidia na mishahara ambayo hakulipwa, anzeni kudai tangu mwanzo, mali za wakala zikishauzwa hukumu inabaki karatasi.

Huyo wakala anayepiga akitaka myamalize nyumbani msipokee hela yake wala kusaini karatasi yoyote ya kusamehe. Mdogo wako asimjibu, ila meseji zisifutwe na laini isitupwe, piga picha kila ujumbe, tarehe na namba zionekane, uzitunze kwenye simu nyingine. Tiketi na risiti za hela mliyomlipa pia. Nakala ya mkataba mnayo au walibaki nayo wao?