Timu ikiukosa ubingwa mwishoni, imevuliwa au umeiponyoka?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu kuna ubishi. Timu imekaa kileleni miezi kibao, Aprili iko mbele kwa pointi nane, halafu Mei kombe linakwenda kwa mwingine, kama ilivyokuwa kwa Arsenal msimu wa 2022/23. Mimi nasema timu hiyo 'imepoteza uongozi'. Mwenzangu anasema 'imevuliwa ubingwa'. Muuza kahawa anasema wote wawili hatujui Kiswahili, ila yeye mwenyewe hasemi neno lipi ndilo. Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie."

Marahaba. Nianze na mwenzako, maana kosa lake ni jepesi kuliona.

Vua na vaa ni jozi, kama ziba na zibua au funga na fungua. Kinachovuliwa ni kile kilichokwisha kuvaliwa. Ndiyo maana waziri huvuliwa wadhifa, wala hatusemi amevuliwa mtu aliyeomba uwaziri akakosa. Sasa Arsenal msimu ule ilikuwa imevaa nini? Ubingwa wake wa mwisho wa ligi hadi wakati huo ulikuwa wa 2004, mwaka ule ilipomaliza msimu bila kufungwa. Bingwa mtetezi alikuwa Manchester City. Kusema Arsenal imevuliwa ubingwa ni sawa na kusema nimevuliwa kanzu niliyoiona dukani Kariakoo nikaulizia bei.

Kama mwenzako analipenda sana neno lake, arudi nyuma hadi 2012. Manchester United ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, na zikiwa zimebaki mechi sita ilikuwa imeiacha City kwa pointi nane. Ikafungwa 1-0 na Wigan. Ikatoka sare ya 4-4 na Everton, tena nyumbani. Ikafungwa 1-0 na City yenyewe. Siku ya mwisho, Mei 13, Agüero wa City akafunga lile bao la dakika za nyongeza, timu zote mbili zikamaliza na pointi 89, na City ikabeba kombe kwa tofauti ya mabao. Hapo United ilivuliwa, na neno limekaa mahali pake. Newcastle ya 1996 je? Januari ilikuwa mbele kwa pointi 12, ikamaliza na 78 dhidi ya 82 za Manchester United. Lakini Newcastle haikuwa imechukua ubingwa wa ligi tangu 1927. Hiyo nayo haikuvuliwa kitu.

Kutema ubingwa, neno ambalo waandishi wetu wa michezo wanalipenda, linafuata sheria hiyohiyo, kwani huwezi kutema kisichokuwa mdomoni. Tofauti ni kwamba kutema kuna lawama ndani yake. Anayetema hakunyang'anywa na mtu.

Nije kwako sasa. "Imepoteza uongozi" ni maneno ambayo mwandishi mwenye haraka huyaokota katika taarifa za mechi za lugha nyingine, na hatari yake iko kwenye lile neno uongozi. Kitenzi hakina tatizo, "Arsenal inaongoza ligi" ni Kiswahili safi. Ukishakigeuza kuwa nomino mambo yanabadilika, kwa sababu katika soka letu uongozi ni watu. Uongozi wa Simba umetoa taarifa. Uongozi wa Yanga umemfukuza kocha. Mtu akisoma "Arsenal yapoteza uongozi" anaweza kuuliza msiba uko wapi na mazishi ni lini. Na "uongozi wa pointi nane" ndiyo kabisa. Nikilisikia naona wajumbe wanane wamekaa mezani.

Tunavyo vitenzi vya kutosha kwa kazi hiyo. Timu ilikuwa mbele kwa pointi nane. Ilikuwa imemwacha mpinzani kwa pointi nane (Mkenya ataandika alama nane, hilo halina ugomvi). Ilikuwa kileleni, imeshushwa kileleni, imeenguliwa. Ilikuwa imekalia usukani, sasa usukani unao mwingine. Pengo nalo ni neno zuri, ila wengi hulipa kitenzi kisicho chake. Wanaandika "pengo lisilofikika". Pengo halifikiwi, pengo huzibwa. Liangalie la jino.

Kabla sijakupa neno unalolitafuta, kuna moja ambalo hamkulitaja na ambalo lingepunguza nusu ya ubishi wenu: kiporo. Sijui ni mtangazaji gani alilitoa jikoni akalipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, lakini namvulia kofia. Kiporo ni chakula kilicholala, wali wa jana unaopashwa asubuhi na kunywewa chai. Ni chako, kimo ndani ya sufuria, ila bado hakijaingia tumboni, na kwa joto la Dar es Salaam kinaweza kuchacha. Mechi ya kiporo ni hivyohivyo. Wenzako wamekwisha kucheza ya kwao, ya kwako imelala, na pointi zake unaziona tu kwa macho.

Msimu wa 2018/19 hapa kwetu Yanga ilikaa kileleni muda mrefu huku Simba ikiwa safarini Afrika, ambako ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Viporo vya Simba vikarundikana. Mashabiki wa Yanga waliusoma msimamo wa ligi kwa sauti, wa Simba wakahesabu sufuria. Mwisho Simba ikavila, ikamaliza na pointi 93, Yanga 86. Je, Yanga ilikuwa "mbele"? Kwenye karatasi ndiyo. Ila mwandishi makini angesema "Yanga inaongoza, Simba ana viporo", asiitenge sentensi ya kwanza na ya pili.

Hata ile Arsenal yenu, kabla ya kwenda Manchester Aprili 26, ilikuwa na pointi 75 kwa mechi 32. City ilikuwa na 70 kwa mechi 30. Pointi tano mbele, naam, lakini City ina viporo viwili, na viwili vikilika vyote ni 76. Ndiyo maana neno "hawakamatiki", ambalo lilisikika sana mwezi uliotangulia, lilikuwa la mapema. Hiyo -k- ya mwisho, ikikanushwa, inadai kwamba jambo haliwezekani kutendwa, kama mlango usiofunguka au maji yasiyozoleka. Timu haikamatiki pale tu pointi zilizobaki uwanjani zinapokuwa chache kuliko zile ilizowaacha wenzake. Mechi sita zikibaki, kuna pointi 18. Nane haijatosha.

Haya, neno lenyewe. Msikilize mzee mmoja niliyeketi naye kwenye kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, Jumapili ya Aprili 16, 2023. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi alasiri, joto limetanda chini ya bati na hakuna aliyekuwa na glasi mkononi. Arsenal ilikuwa ugenini kwa West Ham. Ndani ya dakika kumi ilikuwa imefunga mabao mawili, na mzee, aliyekuwa amevaa jezi nyekundu iliyopauka, alikuwa anachekacheka kama mtu aliyekwisha kufuturu. West Ham wakarudisha moja. Kipindi cha pili Saka wa Arsenal akapiga penalti nje, na hazikupita hata dakika tano, 2-2. Wiki moja nyuma yake Arsenal iliongoza 2-0 pia kwa Liverpool, ikaishia 2-2. Mzee hakupiga kelele. Alifungua kiganja, akakitazama, akasema: "Unatuponyoka huu."

Ponyoka. Sabuni hukuponyoka bafuni, samaki humponyoka mvuvi karibu na ukingo wa mtumbwi, neno humponyoka mtu akaja kulijutia. Kinachoponyoka kilikuwa kimeshikwa, lakini hakijawa mali ya mshikaji. Ndiyo hali hasa ya timu inayoongoza ligi mwezi wa Aprili. Angalia na sarufi yake: ubingwa ndio mtendaji, timu imebaki kiambishi katikati ya kitenzi. Ubingwa u-me-i-ponyoka Arsenal. Lawama ipo, lakini ndogo, ya mkono uliolegea.

Usilichanganye na pokonywa, kosa ambalo naliona kila msimu kwa kuwa maneno haya mawili yanafanana masikioni. Kupokonya ni kuchukua kwa nguvu, na lazima awepo mtu wa pili. Kwa hiyo sare na West Ham, na ile ya 3-3 na Southampton iliyokuwa ikiburuza mkia, hapo ubingwa uliponyoka. Kichapo cha 4-1 pale Manchester ni kupokonywa, kwani aliyekuwa akishuka kileleni na aliyekuwa akipanda walikutana uso kwa uso. City ilishinda mechi 12 za ligi mfululizo msimu ule ulipokuwa ukielekea ukingoni. Ukisema "umeponyoka" peke yake unamnyima mpokonyaji haki yake.

Mnalo pia kijiweni, najua, neno "wamebweteka". Lichungeni. Kubweteka ni kuridhika na kukaa kitako ilhali kazi haijaisha. Ni tuhuma juu ya nia ya mtu. Arsenal ilikuwa imempoteza beki wake Saliba kwa majeraha tangu Machi, na ukuta ukaanza kuvuja. Hao waliishiwa pumzi. Aliyebweteka ana pumzi, hataki tu kuzitumia.

Kuhusu kreti. Mwenzako alitumia neno la bingwa mtetezi kwa timu isiyokuwa bingwa, alipe nusu. Wewe ulileta wajumbe wanane mezani, lipa nusu nyingine. Mpeni muuza kahawa chupa ya kwanza, lakini kabla hajaifungua mwambieni ataje neno lenyewe. Akisema "umepokonyoka", kama nilivyowahi kumsikia mtangazaji mmoja redioni, mrudishie chupa mwenye duka.