Mgeni Aombe Jembe Mwenyewe: Juu ya Kupata Marafiki Ughaibuni

Katika mwezi wa saba tangu nihamie nchi ya kigeni kwa ajili ya kazi, nilipangiwa upasuaji mdogo, wa aina ambayo mgonjwa huingia asubuhi na kuruhusiwa jioni. Muuguzi alinipa fomu ndefu, nikaijaza bila shida mpaka nilipofika kwenye mstari uliotaka jina na namba ya simu ya mtu mzima atakayekuja kunichukua, kwa kuwa aliyepewa dawa ya usingizi haruhusiwi kuondoka peke yake. Nilitoa simu nikaanza kupitia majina. Yalikuwamo mengi, kwa maana katika miezi ile nilikuwa nimehudhuria karibu kila mkusanyiko niliousikia, nikabadilishana namba na watu wa kila taifa. Miongoni mwao hapakuwa na hata mmoja ambaye ningethubutu kumwambia, "Njoo unichukue hospitalini." Ndugu zangu wangekuja mbio, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Upasuaji uliahirishwa kwa wiki mbili, nami nikarudi nyumbani na fomu yenye mstari mmoja mtupu.

Watu wanaojiandaa kuhama huniuliza mengi kuhusu viza, nyumba na kodi ya mapato, lakini ni nadra mtu kuniuliza habari za marafiki, kana kwamba hao huja pamoja na funguo za nyumba. Nimeishi ughaibuni kwa zaidi ya miaka kumi, katika nchi tatu tofauti, na kosa nililolifanya katika nchi ya kwanza ndilo ninaloliona kwa wageni wengi hadi leo: nilidhani urafiki hutokana na kukutana na watu wengi, kumbe hutokana na kukutana na watu walewale mara nyingi.

Jambo hili lina hesabu yake. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alitoa utafiti uliowahusisha watu wazima waliokuwa wamehama karibuni pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Kwa makadirio yake, watu wanaofahamiana tu huhitaji kukaa pamoja kwa saa zipatazo 50 ndipo waanze kuitana marafiki wa kawaida, saa 90 hivi ndipo wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ndipo urafiki uwe wa karibu. Hizo si sheria, na kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeshibana naye siku ya kwanza, lakini hebu chukua kalamu. Mkikutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili, saa 50 zitatimia baada ya wiki 25, yaani karibu nusu mwaka, na saa 200 zitahitaji wiki 100, ambazo ni karibu miaka miwili. Mkikutana mara moja tu kwa mwezi kwa saa hizohizo mbili, mtakuwa na saa 48 siku mkataba wa miaka miwili unapokwisha, na utafunga mizigo yako kabla hujalifikia hata daraja la kwanza. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini majina yote yale ya kwenye simu hayakuwa na uzito: kila mmoja wao nilikuwa nimempa saa mbili au tatu za maisha yangu, kisha nikaenda kutafuta mwingine.

Utafiti huohuo ulibaini pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi urafiki kama zinavyoujenga saa za kukaa, kuzungumza na kucheka. Hilo nililiona kwa macho yangu. Niliketi mwaka mzima meza moja na mfanyakazi mwenzangu, saa nane kila siku, na siku aliponiambia kwamba anaondoka kwenda kumwuguza mama yake ndipo nilipojua kwamba mama yake yu hai.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba mgeni asitafute watu bali atafute mahali, yaani shughuli moja, au mbili zisizidi, inayofanyika kila wiki, siku ileile, na watu walewale, na ambayo haihitaji kualikwa upya kila mara. Inaweza kuwa timu ya mpira, darasa la lugha, nyumba ya ibada, bustani ya pamoja au kundi la wanaotembea milimani. Kwangu mimi ilikuwa kwaya. Siimbi vizuri, na niliwekwa mstari wa nyuma kabisa kwenye besi, mahali ambapo makosa yangu yangefunikwa na sauti za wenye vifua. Kwa wiki nane hakuna aliyelijua jina langu, na mara kadhaa nilisimama kituo cha basi nikijiuliza kama kweli inafaa kwenda. Wiki ya tisa nilikosa mazoezi kwa sababu ya mafua. Wiki ya kumi, nilipoingia mlangoni, watu watatu waliniuliza nilikuwa wapi. Wengi huacha wiki ya nne au ya tano, wakisema kwamba wenyeji wa huko ni wabaridi, na sitawalaumu sana kwa sababu wiki ya tano ni ngumu kweli, lakini wanakuwa wameondoka kabla kutokuwepo kwao hakujaanza kuonekana.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumika kama onyo kwa mgeni asiyejua kuaga, lakini ughaibuni nimezoea kuitazama kutoka upande wa pili, kwamba jembe ndilo linalomwondoa mtu katika ugeni na kumweka miongoni mwa watu wa nyumba. Tatizo ni kwamba katika nchi ya watu hakuna anayekukabidhi jembe hilo, kwa kuwa wenyeji huona haya kumtwika mgeni kazi, au hudhani kwamba ataondoka kesho; inabidi uliombe mwenyewe. Pale kwenye kwaya niliomba kupanga viti. Kazi hiyo ilinilazimu kufika nusu saa kabla ya wengine, nikiwa na watu wawili walioifanya kwa miaka mingi, na katika nusu saa hizo, tukiburuta viti na kulalamikia lifti iliyokuwa haifanyi kazi, nilijifunza lugha kuliko nilivyojifunza darasani na kuwafahamu watu hao wawili kuliko nilivyowafahamu wanakwaya wengine wote. Tukipanga na kupangua viti, saa zangu mbili za wiki zilikuwa tatu na nusu. Marafiki zangu wa nchi ile walitokana na viti, wala si na nyimbo.

Kabla ya kwaya, hata hivyo, palikuwa na ile fomu. Katika zile wiki mbili za kusubiri nilijitia moyo nikabisha hodi kwa jirani wa mlango unaotazamana na wangu, mzee mstaafu ambaye tangu wiki ya kwanza tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi na kuishia hapo. Nilitangulia na radhi nyingi mno kabla ya kulitaja ombi lenyewe, mpaka akanikatiza na kuuliza jambo moja tu: saa ngapi. Siku ya upasuaji alifika nusu saa kabla ya muda, akiwa na gazeti lake, akaketi kunisubiri kama mtu aliyekuja kumchukua mwanawe. Kilichonishangaza kilikuja baadaye. Kuanzia siku ile yeye naye alianza kubisha hodi kwangu, mara nimsaidie kuhamisha kabati, mara nimbadilishie taa, mara hana sababu yoyote. Miezi saba yote nilikuwa nimejitahidi kutomsumbua mtu, nikiamini kwamba hiyo ndiyo adabu ya mgeni, kumbe asiyeomba kitu huwaambia majirani zake kimyakimya kwamba nao wasimwombe. Naongeza tahadhari moja: liwe ombi dogo lenye mwisho unaojulikana. Fedha na malazi ni mambo ya watu waliokwisha kujuana.

Hapa nitagusia uchaguzi wa nyumba, ambao wageni wengi huufanya kwa kutazama pango na umbali wa kazini peke yake. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha uchunguzi wao kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, wakaonyesha kwamba waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua walijuana na majirani wengi zaidi, kwa sababu tu watu walipita mbele ya milango yao. Ukiwa na hiari, chukua nyumba ambayo watu watapita mbele ya mlango wako, hata kama ile ya pembeni ina utulivu zaidi. Utulivu utaupata mwingi kuliko unavyoutaka.

Swali linalozua ubishi mwingi kuliko yote ni la marafiki wa aina gani. Mwaka 1977 Stephen Bochner na wenzake, waliowachunguza wanafunzi wa kigeni huko Hawaii, walieleza kwamba mgeni huwa na duara tatu za watu, na kila moja ina kazi yake: watu wa kwao, ambao kwao anaendelea kuwa yeye mwenyewe, wenyeji, ambao humsaidia kupenya katika masomo, kazi na taratibu za nchi, na wageni wa mataifa mengine, ambao zaidi ni wenzake wa starehe na matembezi. Nimeishi na duara hizo zote na ninakubaliana na mgawanyo huo, isipokuwa ningeongeza kwamba kila duara ina maradhi yake. Duara la watu wa kwenu litakupa lugha yako na utani usiohitaji kufafanuliwa, na siku ya msiba ndilo litakalojaa sebuleni kwako, lakini lina umbea, na mara nyingi lina mtu mmoja au wawili ambao kwa miaka kumi na tano wanaisema vibaya nchi wanayoishi bila kuihama. Ukikaa nao kila Jumamosi utaanza kuiona nchi kwa macho yao. Wageni wenzako ni wepesi kuzoeana nao kwa kuwa nao hawana mtu, ila wepesi huo huondoka nao mikataba yao inapokwisha. Wenyeji ndio wagumu zaidi, na si kwa kiburi kama tunavyopenda kuambiana. Mtu aliyezaliwa mahali na kusoma hapo ana ndugu, ana waliosoma naye, ana jioni zake zote zimepangwa; hana uhaba unaouhisi wewe, kwa hiyo hatakualika. Mwalike wewe kwanza, na umtajie siku na saa, kwa sababu "karibu siku moja" ni salamu tu, haimfikishi mtu mlangoni. Akikataa mara mbili kwa sababu za kweli, mwalike mara ya tatu. Ya nne mwachie yeye.

Inafaa pia kujua kwamba kuna majira mabaya, ili usiyachukue kuwa hukumu. Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, aliwahoji wananchi wenzake wapatao 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, na mwaka 1955 akaandika kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa wamezoea vibaya kuliko waliokaa muda mfupi zaidi na kuliko waliokaa muda mrefu zaidi. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba mkondo huo haumfuati kila mtu, na mimi mwenyewe katika nchi ya pili nilianza vibaya tangu wiki ya kwanza. Hata hivyo nimewaona wengi wakifanya uamuzi wa kurudi kwao katikati ya mwaka wa kwanza, wakati upya wa mambo umekwisha na saa za urafiki bado hazijajikusanya. Anayeweza kuuahirisha uamuzi huo mpaka mwezi wa kumi na nane, na auahirishe, isipokuwa kama anaumwa au anateswa.

Kuhusu marafiki wa nyumbani nitasema machache. Tofauti ya saa huua mazungumzo yasiyopangwa, kwa hiyo yapange, siku moja isiyobadilika kwa kila mmoja, na uwe nao wawili au watatu badala ya kumtumia salamu kila mtu. Uwasimulie na mabaya pia. Kwa mwaka mzima niliwapelekea picha nzuri peke yake, na nilipopatwa na shida hawakuniamini, wakadhani ninadeka.

Yanabaki maagano, ambayo hakuna aliyenitayarisha kwayo. Katika nchi ya pili niliwasindikiza watu wa karibu watano kwenye uwanja wa ndege ndani ya mwaka mmoja, na baada ya wa tano nikajiwekea kanuni ya kutojenga urafiki na mtu aliyebakiwa na chini ya mwaka. Kanuni hiyo ilinigharimu miezi mingi ya kukaa kimya chumbani, kisha ikavunjwa na bwana mmoja aliyebakiwa na miezi minne tu, ambaye alinifundisha kucheza sataranji na ambaye bado tunacheza kwa simu kila Jumapili, hatua moja moja, mchezo mmoja ukimaliza wiki tatu. Siku hizi nafanya tofauti. Nikisikia kwamba rafiki anaondoka, namuuliza tarehe mapema, namsaidia kufunga mizigo kwa sababu saa za kufunga mizigo nazo zinahesabika, na kabla hajaondoka namwomba anikutanishe na mtu mmoja anayembakiza nyuma. Nilipoondoka mimi katika nchi ya kwanza, niliwaalika yule jirani mzee na wale wawili wa viti wakae meza moja, na kwa habari nilizonazo, mzee sasa ndiye anayewafungulia ukumbi.