Ukiamua kwa Kiingereza unaamua vizuri zaidi? Jibu la afisa mikopo

Mkuu uliyeuliza kama bosi wako yuko sahihi kutaka vikao vya bajeti viwe vya Kiingereza "ili watu waache hisia mlangoni": hoja anayo, ila nusu.

Jambo lenyewe limepimwa. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walirudia swali maarufu la wanasaikolojia Tversky na Kahneman: ugonjwa umeingia, uchague dawa yenye uhakika wa kuokoa baadhi, au ya kubahatisha, wapone wote au asipone hata mmoja. Swali likitaja watakaopona, wengi hushika uhakika. Hesabu hizohizo zikitaja watakaokufa, wanahamia kwenye bahati nasibu. Walipoulizwa kwa lugha ya kujifunza, kigeugeu hicho kilififia. Halafu 2014 mtafiti Albert Costa na wenzake wakauliza kama ungemsukuma mtu mmoja kutoka darajani, mwili wake usimamishe treni isiue watano. Kwa lugha mama waliokubali ni 20%, kwa lugha ya ugenini 33%. Moyo unapoa, ndivyo wanavyoeleza.

Sasa ya kazini. Niko Mwanza, na wateja wangu wengi ni kama mimi: nyumbani Kisukuma, Kiswahili cha shule. Kwa hiyo hata Kiswahili cha mkataba kwao ni lugha ya pili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenza aridhie nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani, basi mume na mke huja pamoja. Kuna mama muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni alikuja na mumewe aliyetaka mkopo wa injini ya mtumbwi. Nikasoma: "Mkopaji akishindwa kurejesha, mkopeshaji atakuwa na haki ya kuuza dhamana." Akaitikia kwa kichwa, akashika kalamu. Nikarudia kwa Kisukuma: mama, msipolipa, nyumba wanayolala watoto wako itapigwa mnada.

Kalamu ikawekwa chini. Akamgeukia mumewe: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, rejesho la wiki hiyo litatoka wapi? Mumewe kimya. Mimi pia kimya, maana fomu yetu haikuwa na sehemu ya mbalamwezi. Walichukua mkopo mdogo zaidi, marejesho kwa mwezi.

Hofu ndiyo iliyomfanya apige hesabu. Kwenye lugha ya ofisi alikuwa ametulia kabisa, na angesaini.

Upande wa pili nao upo. Ndugu akiomba mkopo, faili lake naliandika kwa Kiingereza makusudi. Kwa Kisukuma namsikia shangazi, kwa Kiingereza naona madeni yake tu. (Nadhani ndiyo maana barua za kukataa watu kazi hupenda Kiingereza.)

Isitoshe, haifanyi kazi kwa kila mtu. Utafiti wa Sweden wa 2020 ulikuta Waswidi hawabadiliki wakiulizwa kwa Kiingereza, lugha wanayoishi nayo kila siku. Kwa Kifaransa walibadilika. Kama wenzako walisoma "English medium" tangu chekechea, bosi hatapata huo ubaridi anaoutafuta.

Ningekuwa wewe, ningemwomba majedwali yabaki Kiingereza, mjadala uwe Kiswahili. Kikao cha Kiingereza kwetu kinamnyamazisha mtunza stoo, na yeye ndiye anayejua mzigo unapopotelea.