Maasi ya jeshi Dar: Januari 20, 1964
Ndugu, wapo wanaosema maasi ya jeshi Dar yalianza Januari 12, 1964. Hapana, hiyo ni tarehe ya Mapinduzi ya Zanzibar. Maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, yalianza hapa Dar siku nane baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu, Januari 20, kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo, pale Barabara ya Bagamoyo. Askari walidai nyongeza ya mshahara na maofisa wa Kiingereza waondoke. Januari 25 makomando wa Uingereza, kwa ombi la Mwalimu Nyerere, walitua kwa helikopta kutoka manowari Centaur wakayazima. Watu huchanganya kwa sababu yote ni Januari ileile. Ndipo lile jeshi likavunjwa, na JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) ikaundwa Septemba 1, 1964. Tuwafundishe watoto tarehe hizi vizuri jamani, ni historia yetu.