Kwa nini ngoma ya "Peggy Sue" inakuja na kwenda?

SWALI: Shikamoo fundi. Nikisikiliza "Peggy Sue" ya Buddy Holly kwa hedifoni, ngoma inasikika karibu, mara inaenda mbali, mara inarudi. Nimejaribu nakala mbili, mambo ni yale yale. Rekodi ni mbovu? Na nikiitaka sauti hiyo kwenye wimbo wangu naanzia wapi?

JIBU: Marahaba. Nakala zako ni nzima. Unachokisikia kilifanywa makusudi mwaka 1957, katika studio ya mtayarishaji wa muziki Norman Petty mjini Clovis, New Mexico, Marekani.

Mpiga ngoma, Jerry Allison, anapiga zoezi ambalo kila mwanafunzi wa ngoma hulipitia: kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto, mfululizo, mwanzo hadi mwisho. Tega sikio: ule mchakacho wa snea (nyaya zinazogusa ngozi ya chini ya ngoma) haupo, ngoma inavuma tu. Kishindo chake kilizimeza ala nyingine, ndiyo maana akahamishiwa sehemu ya mapokezi. Petty alikuwa na chumba cha mwangwi, yaani chumba kitupu chenye spika na maikrofoni. Sauti ikipelekwa humo inarudi na mvumo. Basi wanamuziki wakipiga na utepe ukizunguka, yeye akawa anaifungua na kuifunga njia ya kwenda chumbani humo. Akifungua, ngoma inakwenda mbali. Akifunga, inarudi hapo ulipo. Kwangu mimi, Petty naye alikuwa mpiga ala siku ile.

Gitaa nalo lina kisa chake. Holly alikuwa anachapa nyuzi kwa kasi kubwa kiasi kwamba hakupata nafasi ya kugeuza swichi ya kubadili sauti kwenye Stratocaster yake, gitaa la umeme, ilipofika zamu ya solo. Niki Sullivan, mpiga gitaa mwenzake, akapiga magoti kando yake na kumgeuzia.

Wimbo wenyewe awali uliitwa "Cindy Lou", jina la mpwa wa Holly. Allison ndiye aliyeomba liwekwe jina la mpenzi wake mwenyewe, Peggy Sue. Maneno ni machache mno, karibu yote ni jina la msichana, na Holly analigeuza kila mara: mara analikatakata, mara analinong'ona. Mapenzi ya kijana asiyejua aseme nini, moyo ukimdunda, yamo kwenye ile ngoma. Ndiyo sababu naupenda kuliko nyimbo nyingi za mapenzi zenye beti ndefu.

Ulifika nafasi ya 3 kwenye chati za Marekani. Holly alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959, akiwa na miaka 22, lakini The Beatles walichagua jina lao wakiiga la The Crickets, bendi yake, na John Lennon, mmoja wa The Beatles, aliurekodi wimbo huu upya kwenye albamu yake ya 1975.

Sasa kwako. Usibandike mwangwi moja kwa moja kwenye chaneli ya ngoma. Fungua chaneli ya pembeni yenye mwangwi mfupi, kisha iwekee otomesheni (programu ifungue na kufunga yenyewe) sauti inayopelekwa huko, siyo inayorudi. Ukifunga inayorudi, mkia wa mwangwi utakatika ghafla na utasikika kama kosa. Ukifunga inayopelekwa, mkia unaisha wenyewe. Fungua na ufunge kwa mkupuo, usipandishe polepole. Mwangwi ukiwa mrefu, mapigo ya kasi namna hii yatageuka uji, kwa hiyo anza na sekunde moja, halafu punguza.