Nimechanja watoto wa nguruwe, mbona wameugua?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina nguruwe jike wanne, wote wamechanjwa dhidi ya homa ya nguruwe ile ya kawaida, si ile ya Afrika. Watoto wao niliwachanja wakiwa na wiki mbili, lakini baada ya miezi miwili wakaugua, na vipimo vya damu vikathibitisha ni homa hiyohiyo. Jirani ananishauri nizidishe dozi mara mbili, au niwawekee vitamini kwenye maji ili kinga iongezeke. Nishike lipi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kwanza, usimtoe nguruwe hata mmoja bandani kwako, awe mgonjwa au mzima, mpaka ofisa mifugo akuruhusu.

Dozi usizidishe. Kosa, kwa ninavyoona, ni umri. Mtoto wa nguruwe huzaliwa karibu bila kingamwili kabisa, yaani chembe za damu zinazopambana na vijidudu vya ugonjwa, maana kondo la mama yake halizipitishi. Anazipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, na utumbo wake huzipokea kwa takriban saa 24 za mwanzo tu. Mama zao walichanjwa, kwa hiyo dang'a lao lilijaa kingamwili. Ulipowachanja watoto wakiwa na wiki mbili, kingamwili za mama zilikivamia kirusi cha chanjo na kukimaliza kabla miili ya watoto haijakitambua. Wiki zikapita, kinga ya mama ikaisha, wakabaki watupu.

Chanjo hii aghalabu huanzwa wiki ya 6 hadi ya 8 kwa watoto wa mama waliochanjwa. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, kisha mpange ratiba na daktari wako. Usidhani magonjwa yote ni sawa: kinga ya mama dhidi ya pavo, kirusi kinachoua vitoto tumboni mwa nguruwe mwenye mimba, inaweza kukaa hadi miezi 6, ndiyo maana majike wachanga huchanjwa wakikaribia kupandishwa.

Vitamini E na madini ya seleni vinamsaidia nguruwe aliyepungukiwa. Anayekula vizuri hataongezewa mengi, na seleni ikizidi ni sumu. Mimi ningeanza na stoo ya chakula: mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, na sumukuvu hudhoofisha kinga hata chanjo iwe bora namna gani. Usichanje siku ya kuwaachisha kunyonya, wala mnyama mwenye homa au minyoo mingi.

Halafu kagua friji. Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, isigande. Niliwahi kufungua friji ya mfugaji nikakuta chupa za chanjo yenye alumini, kiungo cha kuamsha kinga, zimegusana na barafu. Nilitikisa moja pamoja na nyingine iliyotunzwa vizuri, nikaziweka mezani. Ile nzuri iliendelea kuwa na wingu jeupe. Iliyoganda ilituama upesi, chengachenga chini, maji maangavu juu. Ilinisikitisha, kwa kuwa alishachanja nusu ya banda kwa chupa hizo.

Chanjo yako ni ya kirusi hai, basi chemsha bomba na sindano kwa maji matupu, uziache zipoe. Spiriti ikibaki ndani huua kirusi. Ukishaichanganya na maji yake, imalize ndani ya saa zilizoandikwa. Choma kwenye msuli wa shingo nyuma ya sikio, kwa sindano inayovuka mafuta, kwani dawa ikiishia kwenye mafuta mwili hauipokei vizuri. Na tarehe ya kuzaliwa ya kila uzao iandike mlangoni pa banda; ndiyo utakayohesabia wiki.